Kisu cha Arobaini

Mtaa mzima wa Waberi ulijua kwamba mzazi akilelewa na Safiyo hutoka arobaini na mashavu yamemjaa. Asiyejua aliambiwa, na aliyemwambia alikuwa Safiyo mwenyewe. Binti zake watatu aliwalea hivyo. Sasa zamu ilikuwa ya Nasteha, mke wa mwanawe Hared, aliyejifungua mtoto wa kiume. Hared alikaa wiki moja, akarudi zake Mandera kwenye biashara, moyo umetulia kwa kuwa mkewe yuko mikononi mwa bingwa.

Na bingwa alifanya kazi, tusimnyime haki yake. Supu ya mbuzi asubuhi, uji wenye samli mchana, ubani wa kufukiza mpaka watu walie machozi. Akatunga vitunguu saumu kwenye uzi, akamvika Nasteha masikioni, ili kijicho kikija kikutane na harufu kigeuze njia. Na chini ya mto wa mzazi akaweka kisu. Ndiyo, kisu! Jini huogopa chuma. Bibi yake wa Modogashe alisema hivyo, na huyo bibi hakukosolewa alipokuwa hai, seuze sasa yuko kaburini.

Ila mashavu ya Nasteha hayakujaa. Supu ilipoa mbele yake akiitazama tu. Mtoto akilia, naye alilia. Mtoto akinyamaza, yeye aliendelea. Siku ya kumi na tano Safiyo alikikuta kisu jikoni, katikati ya miko.

"Nani amekileta hiki huku?"

"Mimi, hooyo," alisema Nasteha. Hooyo ni mama, na ndivyo alivyomwita mkwewe tangu aolewe. "Tafadhali, kisirudi tena chumbani."

Loo! Nusura Safiyo amwage uji. Kumbe jini limeshaingia, na sasa linafanya ufedhuli wa kutoa chuma! Akakirudisha chini ya mto, akaongeza ubani. Kesho yake kisu kilikuwa juu ya kabati. Akakirudisha. Siku ya kumi na saba kilikuja kimefungwa kwenye gazeti, kimebebwa na jirani Ruqiya, ambaye siri ya mtu haikupata kulala kwake.

"Amekuja mlangoni kwangu hana hata kandambili," Ruqiya alisema, huku akijimiminia chai asiyokaribishwa. "Mzazi wa siku kumi na saba, juani! Ananiambia, 'Nifichie hiki.' Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wallahi hilo jini ni la Wajir, hayo ndiyo makaidi."

"La Wajir haliwezi ubishi huu," alisema Safiyo kwa sauti ya mjuzi. "Hili limevuka mpaka."

Basi wanawake wawili wazima wakakaa kitako kulitafutia jini ukoo, nusura walitafutie na mahari. Aliyeuliza kwa nini mzazi anahangaika na kisu hakuwepo. Nasteha alikuwa nyuma ya pazia, akisikia kila neno.

Chai ilipokwisha, Safiyo akakichukua kisu na kuingia nacho. Nasteha alipokiona, aliruka kitandani akajibana ukutani, mtoto kifuani.

"Bismillahi! Wewe jini, sema jina lako!"

Nasteha akacheka, kicheko kibaya kisicho na raha ndani yake.

"Mimi ni Nasteha, binti Dubow. Humu hamna mwingine, hooyo. Laiti angekuwepo."

"Sasa unaogopa nini?"

"Najiogopa mimi. Kila siku moyo unaniambia mtoto huyu atapata mama mwingine, mzuri kuliko mimi. Nakificha hicho kisu ili nisijiue. Mimi nakificha, wewe unakirudisha."

Safiyo akakaa sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kukaa chini mbele ya mke wa mtu. Alimwonea huruma binti wa watu, na aliona aibu, aibu ya kumchoma hasa. Kisha akainuka, akaenda uani, akakitumbukiza chooni chuma cha bibi wa Modogashe pamoja na heshima zake zote. Aliporudi alimvua Nasteha vile vitunguu, akamvalisha viatu kwa mkono wake, akambeba mtoto.

"Safiyo, una wazimu? Arobaini haijaisha!" Ruqiya alipiga kelele mlangoni. "Watu watasema nini?"

"Wewe si upo? Waambie cha kusema."

Katika kituo cha afya muuguzi mmoja, Samsam, alikaa na Nasteha muda mrefu, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwita Safiyo. Akamweleza kwamba huu ni ugonjwa, huwapata wazazi wengi na unatibika. Daktari atamwona leo hii, na kwa sasa asiachwe peke yake hata kidogo.

"Mama, amekuwa akisema haya tangu lini?" aliuliza, kalamu mkononi.

Safiyo alimtazama mjukuu wake kwanza.

"Ameniambia mara tatu," alisema. "Ya nne ndiyo nimesikia."