Mashine ya Kunyolea ya Valère

Kila jioni, Joyeuse akichambua maharagwe uani kwake Bungulu, mjini Beni, mumewe Valère alikuja kunyoa ndevu. Alikuwa amekufa tangu Machi, katika ajali ya lori karibu na Kalunguta, lakini ndevu hazikuacha kuota. Joyeuse alimpashia maji. Alichukulia kwamba mtu aliyependa nyumba yake huirudia.

Jirani yao Hadassa alimsalimu juu ya ua.

"Bonsoir, chef! Kule juu hakuna kinyozi?"

"Kinyozi eko, mais hana maji ya moto."

Jumatatu moja Valère alijikata kidevuni. Damu haikutoka.

"Chérie, hii rasoir inakwaruza. Unisafishie."

Alipoondoka, Joyeuse, ambaye ni muuguzi, aliichunguza mashine kwenye mwanga wa dirisha. Valère alikuwa akisema ni ya Kifaransa. Chini ya kichwa palichongwa neno Solingen, jina la mji wa Ujerumani. Kwa hiyo ilikuwa ya Kijerumani, tena ya zamani. Kitako cha mpini kilikuwa na namba, moja hadi tano. Ukikizungusha kuelekea tano, wembe hujitokeza zaidi. Valère, mwenye ndevu ngumu, alitumia nne. Sasa kitako kilikuwa kimekwama kwenye moja.

Joyeuse alitoa wembe, akailoweka mashine katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Maji yanayochemka hubandua nikeli, ule mng'aro wa juu. Alisugua kwa mswaki mkuukuu, akaondoa chokaa kwa siki kidogo, akasuuza haraka. Ndipo nywele zikatoka kwenye tundu la skrubu.

Zilikuwa nyeusi, laini, ncha zake nyembamba kama za nywele ambazo hazijawahi kukatwa. Zilielea zikakusanyika upande mmoja wa beseni, upande wa kusini, uliko mji wa Butembo. Joyeuse aligeuza beseni. Zikarudi kusini.

Katika ukoo wa Valère, baba mwenyewe hunyoa nywele za kwanza za mtoto wake, kwa mashine yake, kwenye namba ya chini kabisa. Joyeuse hakuwa na mtoto. Miaka yote ya ndoa alimeza vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu Valère alisema wangoje amani.

Alitia kitako tone la mafuta ya cherehani. Kikazunguka.

Kesho yake Valère alikaa kwenye kigoda chake.

"Ni nywele ya nani?" Joyeuse aliuliza.

Valère alitazama beseni.

"Ya Elikia, mutoto yangu. Nilimunyoa juzi. Eko Butembo, kwa mama yake. Alizaliwa mbele ya mimi kufa."

"Mimi uliniambiaka tutazala mutoto vita ikiisha."

"Ndiyo vile. Mais haikuisha."

"Kwa Butembo iliisha?"

Valère alijipaka sabuni.

"Sasa juu ya nini unakuja kunyolea huku?"

"Kila usiku ninamubeba mpaka analala. Ndevu inamuchoma, analia."

Joyeuse alimpa mashine, kitako kikiwa kwenye nne. Alinyoa vizuri, bila kujikata. Alipapasa shavu moja, kisha la pili, akaridhika.

"Merci, chérie. Uko fundi."

Akachukua koti, akashika barabara ya Butembo. Hadassa alimtakia safari njema.

Siku iliyofuata, jua lilipoanza kushuka, Joyeuse aliweka maharagwe kando, akabandika maji ya kunyolea.