Mwaka wa Ishirini na Sita

"Ndege!" Dada akazibamiza karatasi mezani, vikombe vikaruka. "Nieleze, hizi ndege zimetoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Kwani mimi ndiye niliyezirusha?"

"Usinijibu hivyo, Chapchap."

"Sasa nikujibuje? Mtu sijanawa hata uso, unanivuta shuka unaniuliza habari za ndege!"

"Mwenzenu natafuta kiatu," mama akasema kutoka chumbani. "Nikichelewa kazini nitawaambia nini? Kwamba nyumbani kwangu kuna vita vya China?"

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, kichwa bado kina kitambaa cha kulalia, macho mekundu kama aliyekata vitunguu. Chapchap alikuwa na mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje, anajishika ukutani asianguke.

Jina hilo alipewa nyumbani, likamganda. Kula chapchap, kuoga chapchap, shuleni mtihani akaumaliza wa kwanza akatoka nje kuota jua, na matokeo yakaja yanafanana na hiyo haraka yake. Chuo hakwenda. Sasa alikuwa kwenye duka la kopi mbele ya geti la chuo, na kazi yake ilikuwa kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kubana ripoti za watu wengine kwa ule waya wa plastiki. Chuo alikiona kila siku, ila kwa upande wa nje.

Dada ndiye aliyekuwa ndani. Alikuwa anasomea historia ya China, ile ya juzijuzi, ya miaka mia na kidogo iliyopita. Utafiti wake ulihusu kina mama wa Shanghai: walipikaje, walilaza wapi watoto, mji ulipokuwa unapigwa. Shida ilikuwa vitabu. Vyote vilivyokuwa maktaba kuhusu hilo ungeweza kuvibeba kwapani ukaenda navyo sokoni. Vingine vilikuwa mtandaoni, na mtandaoni nako ni pori. Mlango huu unataka nywila ya chuo cha ng'ambo. Ule unafunguka, ndani peupe. Mwingine wote ni Kichina, vitufe vimejipanga, hujui cha kupakua ni kipi na cha kufuta ni kipi.

Cha ajabu, aliyekuwa na moyo wa kuhangaika humo ni Chapchap. Asubuhi mashine ya kopi ikiwa inapata moto, wateja hawajafika, yeye alikuwa anabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine. Mpaka siku moja akaangukia maktaba iliyopiga picha magazeti ya zamani ya kina mama, ukurasa kwa ukurasa, ikayaweka bure, bila nywila wala ujanja. Alipiga kelele peke yake dukani. Akaanza kuyapakua. Akatafuta video ya kujifunza namba zao: moja ni mstari, mbili ni mistari miwili, kumi ni kama alama ya kujumlisha, sita ni kama kijitu kimevaa kofia kimetanua miguu. Kila jalada aliangalia namba, akaliandikia faili mwaka wake. Kazi safi. Hata dada alimwita "msaidizi wangu" mbele ya wenzake, na Chapchap akatembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Na sasa leo.

"Soma," dada akasema, akamsukumia karatasi. Pembeni mhadhiri wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Mwaka 1926 hakuna ndege zilizoangusha mabomu Shanghai. Una hakika na vyanzo hivi?*

"Saa tano nakaa mbele ya wahadhiri," dada akasema. "Saa tano ya leo! Nisipokuwa na jibu, wananifutia mada. Naanza moja, Chapchap. Unajua kuanza moja?"

"Niliona ishirini na sita, nikaandika 1926. Wewe ungeandika nini?"

"Sura nzima ya pili nimeiandika kwa miaka uliyoniwekea wewe! Nimeiita 'Miaka ya Utulivu'!"

"Na wewe hukuona mabomu kwenye hiyo miaka yako ya utulivu?"

"Niliona!" Dada akasita kidogo. "Nikajua ni mazoezi ya zimamoto."

Chumbani mama akaangua kicheko, halafu akakimeza.

"Zimamoto," Chapchap akasema polepole, anaionja. "Zimamoto kwa ndege, profesa wangu?"

Hapo ndipo dada alipochemka. "Bora mimi nilisoma mpaka mwisho! Wewe hata mtihani wako wa..."

Akajikatiza, lakini neno lilishatoka.

Chapchap akamaliza kuvaa suruali. Akachukua begi. Akaenda mlangoni. Mlango wao ulikuwa na kioo juu, kina ufa toka kona hadi kona, kazi ya hasira zake za siku nyingine. Mama alikibandika utepe mpana, ukakatiza kama msalaba. Hata majirani walijua: kioo kikilia, yule mdogo ametoka.

Alishika kitasa. Ila kutoka akakuta hawezi. Mtihani sawa, ule aliuharibu mwenyewe. Lakini magazeti yale hakuyafanyia haraka. Ndicho kitu pekee ambacho hakukifanyia haraka.

Akarudi, akafungua kompyuta ya dada.

"Njoo uone mwenyewe. Usije ukasema nilibuni."

"Chapchap, sina muda."

"Njoo!"

Akafungua jalada la gazeti moja. Mwanamke amesimama kwenye kiti, anabandika karatasi nyembamba kwenye kioo cha dirisha, zimekatizana. Lilikuwa jalada analolipenda kuliko yote. Siku zote alijua yule mama anapamba nyumba, kuna sherehe.

"Haya. Mbili, kumi, sita. Ishirini na sita. Hili la mwisho ni 'mwaka'. Nimedanganya wapi?"

"Na haya mawili ya mbele?"

"Hayo yapo kwenye kila gazeti. Nikajua ni jina la kiwanda cha kuchapa. Kama muhuri vile."

Dada akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Akavuta kiti bila kuangalia, akakaa. Mama akachungulia mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Hicho si kiwanda," dada akasema.

"Ni nini?"

"Ni 'Jamhuri'." Akaziba mdomo kwa mkono, akautoa. "Mungu wangu. Nimeliandika mwenyewe sura ya kwanza! Mfalme ametoka, Jamhuri imeingia, wakaanza kuhesabu miaka upya. Mwaka wa kwanza wa Jamhuri ni 1912. Huu ni mwaka wa ishirini na sita wa Jamhuri, Chapchap. Wa Jamhuri!"

"Kwa hiyo..."

Dada alikuwa anahesabu kwa vidole. Chapchap alishatoa simu.

"Thelathini na saba," akasema. "1937. Kulikuwa na nini 1937?"

Dada akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Vita, mdogo wangu. Ndege."

"Subiri, subiri." Akafungua faili lingine, vidole vinakimbia. "Hili niliandika 1921. Nyumba zimeungua mtaa mzima. Jumlisha kumi na moja... 1932."

"Walipigwa mwaka huo pia! Ndiyo mara ya kwanza!" Dada akainuka, akakaa, akainuka tena. "Ni ya kweli. Magazeti yote ni ya kweli!" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kulalia. "Sura ya pili inahamia ya nne, basi. Nabadilisha jina na miaka. Saa tano nitaifikia."

"China wamepatana?" mama akauliza.

"Wamepatana, mama."

"Basi mwenye kuona kiatu changu aseme."

Kilikuwa chini ya meza. Chapchap akakivuta kwa mguu, akampa, mama akampiga kikofi cha mgongoni, kile cha kusema *wewe nawe*, akarudi chumbani kuchukua mkoba.

Dada alishaketi kwenye kompyuta, anafuta, anaandika. "Nikimaliza nakutumia dukani. Unitolee nakala nne, unibanie."

"Sawa."

"Na usibane chapchap."

"Nitabana mpaka wao wenyewe waombe basi."

Akatupia begi begani. Alipofika mlangoni dada akasema, bado macho yako kwenye kazi, "Lile neno la mtihani..."

"Neno gani? Mimi sikusikia kitu."

Dada akatabasamu peke yake. Pembeni ya maandishi yake yule mama wa Shanghai alikuwa bado juu ya kiti, mkono umenyooka, anabandika. Chapchap akamtazama kidogo. Haikuwa sherehe. Alikuwa anazuia vioo visiwaangukie watoto.

Akatoka. Mlango wao ulikuwa unakwama kwa chini, ndiyo maana watu waliubamiza. Akashika kitasa kwa mikono miwili, akaunyanyua kidogo, akauvuta polepole mpaka ukaingia mahali pake, na kioo chenye utepe hakikulia.