Pazia la Chumba cha Kompyuta

Jumapili baada ya ibada, Tulinagwe aliingia chumba cha nyuma kuchukua soksi za watoto. Tukuyu ilikuwa haijaona jua tangu wiki iliyotangulia, na nguo zilizoanikwa barazani zilikuwa zimeanza kunuka. Kwa hiyo soksi zilikaushwa nyuma ya kompyuta, pale feni inapotoa hewa ya moto. Baba mkwe wake, Mzee Ambindwile, aliyezikwa kijijini Masukulu mwaka jana mwezi wa tano, alikuwa amekaa hapo kwenye kigoda, viganja amevielekeza kwenye feni. Jozi moja ya soksi alikuwa ameivaa.

Tulinagwe aligeukia ukuta upesi. Kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kulifanya kosa hilo. Alitoka akiupapasa mlango, akaenda jikoni, ambako mumewe alikuwa anasubiri chai.

"Baba yuko chumba cha kompyuta."

"Baba yupi?"

"Wako."

Ambilikile alikwenda kuangalia, akarudi. "Ni baba kweli, ni tata mwenyewe. Anasema anasikia baridi."

Kwamba alichagua chumba hicho, hilo lilieleweka. Kompyuta ile haikuzimwa mchana wala usiku. Tulinagwe, mwalimu wa hisabati wa sekondari, alikuwa mmoja wa watu waliotapakaa duniani ambao, kwa kupenda tu, hutumia kompyuta za nyumbani kutafuta namba tasa kubwa kuliko zote zilizopata kujulikana: namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, ndefu kiasi cha kujaza vitabu. Kila mmoja hupewa namba yake aipime. Aliyokuwa nayo sasa ilikuwa imepimwa kwa miezi, na mashine ikipiga hesabu huchemka kama chungu cha maharage. Mumewe aliiita jiko lisilopika. Lakini hicho ndicho kilikuwa chumba pekee kikavu nyumba nzima, na pengine mtaa mzima wa Bulyaga.

Hilo Tulinagwe alilisema mwaka jana, mzee alipokuwa hai, anakohoa chini ya bati lililotoboka kule Masukulu. Tumlete alale kwenye joto, alisema. Ambilikile alimtazama kana kwamba ametukana. "Mkwe na mkamwana chumba kimoja? Unataka tuchekwe?" Kaka yake, Andongwisye, aliyetoka Matwebe kwa ajili ya kikao hicho, alitikisa kichwa na kusema mila ni mila. Bati nalo hawakuliziba. Walikuwa wanasubiri mvua ipungue. Mzee akafa. Ndipo mapenzi yalipowajaa: madume ya ng'ombe yakachinjwa, turubai likakodiwa, na blanketi zito, ambalo mzee hakuwahi kuliona akiwa na damu mwilini, likakunjwa vizuri likazikwa naye. Inatia kinyaa kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa Ambilikile alitafuta nyundo. Akagongomea misumari miwili, mmoja kila ukuta, akapitisha kamba, akatundika pazia la zamani la sebuleni. Mzee akabaki upande wa feni, kioo na kibodi vikabaki upande wa Tulinagwe. Mila haikuguswa hata kidogo. Chai ilikuwa bado haijachemka.

Tulinagwe aliitazama ile misumari. "Hii tulikuwa nayo mwaka jana?"

"Misumari haikosekani kwangu," alisema Ambilikile. Alidhani anasifiwa.

Tulinagwe akaenda kusimama nje kwenye mvua.

Wageni wakaanza kuja. Wazee wa kanisa walimsalimu marehemu, "Ugonile, tata," wakaketi, wakanywa chai, wakawasifu watoto wanaojua kutunza mzazi. Andongwisye alileta parachichi, akauliza kwa sauti laini kama baba hatajali wakigawana lile shamba la migomba mapema. Chumba kilinuka udongo mbichi na ukungu. Mzee alitema makohozi meusi sakafuni, nyungunyungu wakamdondoka kwenye mapindo ya suruali, na Tulinagwe akavifuta vyote kwa tambara, mkono ukipita chini ya pazia, uso ameugeuzia mlangoni. Wanaume walinyanyua miguu kumpisha.

Mzee akauliza tu, "Mama yenu yuko wapi?"

"Yupo, tata. Anakusalimu," walisema wote wawili kwa pamoja.

Mama yao, Tupokigwe, alikuwa Masukulu chini ya bati lile lile. Alhamisi jirani yake, Hellen, alipiga simu: mama anakohoa, godoro limelowa, njooni mmchukue.

"Tumlete leo," alisema Tulinagwe. "Mimi na mama hatuna mwiko."

"Alale wapi? Chumba kina mtu."

"Mtu mwenyewe amekufa, Ambilikile."

"Ndiyo maana siwezi kumwondoa. Watu watasema nini?"

Tulinagwe aliingia chumbani akaizima kompyuta, namba ikiwa imebakiza kidogo tu. Alitaka chumba kipoe, mzee arudi kaburini kwake, kisha aiwashe tena kwa ajili ya aliye hai. Nyuma ya pazia meno ya mzee yakaanza kugongana. Hakuinuka. Andongwisye alikuja mbio kutoka sebuleni.

"Shemeji, unataka kumuua baba?"

Akaiwasha mwenyewe. Mashine ikaendelea pale ilipoishia, kwa kuwa mashine hizi huhifadhi hesabu zake.

Jumamosi mchana kioo kikaandika kwamba namba ile ni tasa. Wapo waliotafuta tangu ujana mpaka mvi wasipate hata moja. Tulinagwe alisoma mara mbili, akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amepanda juu ya stuli, nyundo mkononi. Hellen alikuwa ametoka kupiga tena.

"Nimeipata."

"Vizuri. Joto halitapungua?"

"Nitaipa nyingine."

"Ipe kubwa."

Ambilikile alipima ukuta kwa shubiri, akagongomea msumari wa tatu ili pazia lifike dirishani, nafasi iwe ya vigoda viwili, cha baba na cha mama. Mzee akasogea kidogo. Kule Masukulu mama alikuwa bado hai, anaomba uji wa moto, na wanawe walikuwa wanasubiri mvua ipungue.