Nyama, Mbwa na Muwindaji

Siku hiyo mpumbavu alikuwa mwalimu Godefroid, na yeye mwenyewe hakatai. Miaka tisa alikuwa akifundisha nyota saa nne asubuhi, jua likiwaka, kwa kitabu kilichochapwa Ulaya. Kutoka nje usiku kuhakikisha? Hata siku moja.

Ugomvi ulianzia darasa la sita, shuleni Kapata, mji wa mgodi. Alichora ubaoni nyota tatu zilizopangana, akauliza jina lake. Kitabu kilisema ni mkanda wa Orion, jitu muwindaji wa hadithi za Wagiriki wa kale. Mwanafunzi mmoja, Mwadi, akaandika kwenye daftari: Nyama, Mbwa, Muwindaji.

"Futa."

"Nkambo wangu alinionyesha, mwalimu, na mi nikaona. Sifuti."

Godefroid akamtoa nje: asirudi darasani mpaka majina hayo yafutike. Mitihani ilikuwa imebaki siku nne.

Jioni ileile nkambo akaja nyumbani kwa mwalimu, mtoto nyuma yake na daftari mkononi. Bibi huyo, Mama Ernestine, alikuwa mjane wa fundi wa mgodi, mwembamba, na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Jambo, tata mwalimu. Nimekuja juu ya mutoto."

"Karibu, mama. Mutoto eko na kichwa nguvu."

"Kichwa ile alitoa kwangu. Usitafute mbali."

Akakaa, akaeleza. Kwao, kaskazini, baba yake alikuwa amemwonyesha zile nyota akiwa mdogo kuliko Mwadi. Ya mbele ni nyama, mnyama wa porini, anakimbia tangu dunia ianze. Nyuma yake mbwa. Nyuma ya mbwa, muwindaji. Wanatoka kwa utaratibu huo kila siku, na hakuna anayemfikia mwenzake.

"Na weye unasema ni mukanda," akamaliza. "Mukanda inakimbia wapi?"

Hapo ndipo Godefroid alipopaswa kunyamaza. Badala yake akacheka, akakamata kitabu.

"Twende nje, mama, tuone na macho. Zitatoka pamoja, sambamba, kama vifungo vya shati. Zikitoka moja moja, kesho Mwadi anarudi darasani."

"Na zikitoka pamoja?"

"Anafuta."

"Sawa," Mwadi akajibu kabla nkambo hajafungua kinywa.

Mvua ya Desemba ilikuwa imekatika, upande wa mashariki kumesafika. Wakasimama barabarani kutazama huko, juu ya kilima cha udongo uliotolewa mgodini, kirefu kuliko kanisa. Jirani, mama Darlène, akatoka na kiti chake bila kualikwa. Giza likashuka. Nyota moja ikachomoza juu ya kilima, peke yake.

"Nyama," Mwadi akasema.

"Ngoja," mwalimu akasema. "Hizo zingine zimezibwa na wingu."

"Wingu gani, tata?" akauliza Darlène. "Lile la kwenye kitabu?"

Wakangoja dakika tano hivi. Nyota ya pili ikatoka, moja kwa moja chini ya ile ya kwanza. Darlène akabweka kama mbwa, mpaka mbwa wa kweli wa nyumba ya tatu akamwitikia. Wakati wanacheka, na ya tatu hiyo, ikifuata mstari uleule.

Godefroid akawasha tochi ya simu, akafungua kitabu. Jitu la kitabuni lilikuwa limesimama wima, mkanda kiunoni. La juu ya kilima lilikuwa limelala ubavu, kichwa kaskazini, miguu kusini. Akageuza kitabu. Akageuza shingo. Akageuza vyote viwili, akarudi palepale.

"Unatafuta mukanda?" Ernestine akamuuliza taratibu. "Angalia, labda imekimbia."

Mwalimu akafunga kitabu. Aliyekuwa akimtisha zaidi si nkambo. Ni mkaguzi wa shule.

"Haya, mama. Mutoto kesho arudi. Mi nimekubali. Lakini ile majina afute tu, polepole, bila kelele. Orion ndiyo iko mu programu. Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Akifungua daftari akute mbwa ndani, mi nitamujibu nini?"

Mwadi akaficha daftari nyuma ya mgongo. Ernestine akajifunga vizuri kitenge kiunoni, akamtazama mwalimu.

"Ule mkaguzi, umwambie akuje hapa saa moja ya jioni, na kitabu akiache kwake."