Paradaimu

Neno lenyewe lilikuwa mstari wa nne wa barua ya wakubwa, limejificha kama jiwe ndani ya wali. Shaame alilitafuna mara tatu, mara tatu likamkatalia.

"Kifo tajwa kilitokea katika kipindi cha mpito kuelekea paradaimu mpya ya utoaji huduma."

Miezi mitano alingoja wakubwa wamwambie kwa nini gari ya wagonjwa iliondolewa kijijini kabla ya kuletwa nyingine, mkewe akakata roho nusu ya njia, juu ya gari ya ng'ombe. Majibu ndiyo haya. Asipoandika tena kabla ya Ijumaa, faili linafungwa.

Akaipeleka barua mjini, mtaa wa Mpendae, kwa Bi Khawla, mwalimu mstaafu.

"Nisomee kwa lugha ya watu, Mwalimu. Mie darasa la tatu lilinishinda."

Bi Khawla alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Neno la Wagiriki wa kale hili, Waingereza wamelichukua. Asili yake ni kuonyesha kitu kando ya kitu. Kielelezo cha kufuatisha. Wasomi wakalitanua. Sasa ni fikra nzima inayowaongoza watu, namna wanavyoyaona mambo hata kabla hawajayatazama."

Shaame akaliwekea kidole neno lile.

"Basi nnalijua. Nyumbani kwangu, Mungu amrehemu, akishona kofia, huiweka ya zamani pajani, jicho huku, sindano huku. Akikosea kiua kimoja, hufumua safu nzima. Hajapata kumvisha mtu kosa lake." Sauti ikampanda. "Hawa je? Kielelezo chao wamekishonea kichwa cha nani? Wao wakiumwa kidole tu, ndege hiyo, India!"

"Taratibu, Bwana Shaame. Majirani wanasikia."

"Na wasikie."

Bi Khawla akavuta karatasi. "Haya, tuwajibu. Nianze na jina la marehemu. Barua nzima hawakulitaja."

Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa Shaame hakuwahi kulitamka mbele ya mtu baki. Mume mwenye staha husema "nyumbani kwangu", yakaisha. Wakubwa walilinyamazia kwa kuwa hawakumjua. Yeye alilinyamazia kwa kumtunza. Leo, mbele ya karatasi tupu, hakuona tofauti.

Kalamu ikangoja.

"Mize," alisema, polepole, kama anayebisha hodi asiyejua kama atafunguliwa. "Mize binti Nahodha. Andika kwa herufi kubwa, Mwalimu."