Trela Lililoliwa na Mlango Wake

Fundi alijenga bodi za mabasi tangu enzi ambazo mabasi yenyewe yalikuwa bado na pua mbele, na kwa bati hakuna aliyemshinda. Waliofanya naye kazi husema bati lenye bonde lilikuwa likimwona tu linanyooka lenyewe, kwa aibu, nyundo ikiwa bado mezani. Mkewe alikuwa chumba cha pili cha karakana hiyohiyo, akishona viti. "Mmoja mbavu, mwingine makalio," shemeji yake Fundi alipenda kusema, "na basi likakamilika." Wote wawili walistaafu bila kusafiri ndani ya hata moja kati ya mabasi yao. Yalikuwa yakitoka getini yananukia rangi mpya, yanaondoka na watu wengine.

Siku moja, kwenye kituo cha mafuta, wakaona gari la wasafiri limekokota kitu cha ajabu. Kilikuwa kibanda kifupi cha bati, mbele mviringo, nyuma kimechongoka, mfano wa tone la maji lililodondoka likalala ubavu. Kilikuwa na mlango mdogo pembeni, na ndani godoro, basi. Mkewe alikizunguka, akachungulia, akakigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Hiki," akasema, "ni kitanda kilichopewa leseni."

"Naweza kukutengenezea."

"Kama unaweza sijauliza. Nauliza lini."

Alichokitaka mama huyu kilikuwa kidogo. Maisha yake yote alikuwa ameamkia katikati ya watu: wadogo zake, wakwe, watoto, wajukuu, wateja wa cherehani wanaobisha kabla hajafunga kanga vizuri. Alitaka asubuhi moja aamke mahali ambapo hakuna hata kiumbe wa kumwuliza ameamkaje. Shemeji alipomshauri kwamba dunia ina nyumba za wageni, alimjibu palepale kwamba huko unaandika jina kitabuni, na mtu akishakujua jina, salamu haziko mbali.

Wakati ule nyonga ilikuwa inamsumbua kidogo tu. Daktari wa mifupa alikuwa ameshawaambia, taratibu, akitazama picha ukutani badala ya kuwatazama wao: mgongo na nyonga vinajifunga, na vitaendelea kujifunga. Dawa zingepunguza maumivu. Kufungua, hapana. Fundi alitoka pale hospitalini, akaenda moja kwa moja kununua plaiwudi.

Wakaanza uani, pembeni ya jiko. Ekseli na magurudumu vilitoka kwenye kigari kibovu kilichokuwa kimegeuka banda la kuku. Kuku walihamishwa baada ya mazungumzo marefu, ila jogoo hajakubali mpaka leo. Umbo la ubavuni alilichora mama kwa chaki, mkono mmoja, bila rula, kama alivyokuwa akichora vitambaa vya viti. Kisha wakalala chali juu ya ubao ili wajue upana unaowatosha. Shemeji, mdogo wake mama, kinyozi mstaafu mwenye pikapu, ndiye aliyewakuta.

"Dada," akasema, amesimama mlangoni, "humo ndani mna vyumba."

"Tunapimana," mama akamjibu, bila kuinuka.

"Na majirani nao wanapima, kwa kuwa ukuta wenu ni mfupi."

Mbavu zilipanda, za bomba la mraba, zimeungwa kwa moto. Kabla ya paa kuwekwa, mama aliingia kwa mara ya kwanza. Aligeuka, akakaa kizingitini, akainamisha kichwa, akazungusha miguu, akapotea ndani kama kobe anayerudi kwake. Alikaa humo siku nzima akishona foronya ya godoro, na alikataa kutoka mpaka aletewe chai. Shemeji alipoliona umbo lote alisema linafanana na yai lililokaliwa na kuku mzito. Mama akamwambia kuku mwenyewe yumo ndani, aongee kwa adabu.

Ile ndiyo siku Fundi alipaswa kulifunga trela nyuma ya pikapu waondoke hivyohivyo bila paa. Amelisema hilo mara nyingi tangu hapo. Lakini fundi gani anatoa kazi getini haijaisha? Akasubiri bati zuri la alumini. Bati likaja, mvua nayo ikaja. Mvua ikaisha, riveti za kushikia bati zikapigwa, paa likang'aa hata ndege wakawa wanapita upande mwingine. Akamwita mama ajaribu. Mama akagonga paji la uso juu ya mlango.

"Mlango umeshuka," akasema.

"Haujashuka."

"Basi mimi nimepanda."

Walicheka wote. Fundi akachukua msumeno, akaupandisha mlango mpaka kwenye ukingo wa paa. Ilimchukua muda, kwa sababu alitaka kona ziwe duara kama mwanzo. Alipomaliza, kichwa kilipita, mguu ukakataa. Haukuinuka kuvuka kizingiti. Akakata kizingiti mpaka sakafuni. Alipomaliza hilo, mama alikuwa hawezi tena kujizungusha kiunoni, ilibidi aingie kinyumenyume, wima, kama anayekaa kwenye kiti. Fundi akausogeza mlango nyuma, akaondoa ubavu mmoja, akafunga bawaba za basi kwa sababu za kawaida zilikuwa zinalia.

Ikafika mahali mlango ukawa mkubwa kuliko trela. Ukiuvuta kwa nguvu, trela ndilo lililozunguka, mlango ukabaki palepale.

"Shemeji," akauliza yule kinyozi, akilizunguka mikono nyuma, "hapa mvua ikinyesha, mnakimbilia upande gani?"

Fundi alikuwa anafikiri juu ya bati. Bati likibonyea unaingia kwa nyuma, unaweka chuma, unagonga taratibu kutokea ndani, linarudi. Ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Aliutazama mgongo wa mkewe, ameinama juu ya cherehani, akautafuta upande wa kuingilia, hakuuona. Kila alipoongeza mlango, mwili ulikuwa umeshapunguza. Alifanya kazi haraka zaidi, na mwili haukuwa na haraka hata kidogo, ndio maana ulikuwa unashinda.

Akabuni jambo. Alikata nyuma ya trela, akatengeneza kitanda kinachotoka chote kwa reli, kama mtoto wa meza. Mama alale nje kwa nafasi yake, yeye amsukume ndani polepole. Reli zilipakwa grisi mpaka zikawa zinateleza kwa pumzi. Mama alilazwa, mto chini ya magoti, akitania kwamba hata mkate husukumwa hivi tanurini. Fundi akamsukuma. Kitanda kikaenda bila sauti.

Kicheko kilikatika ndani.

"Nitoe."

"Umegonga?"

"Nitoe."

Akamtoa. Mama alikaa ukingoni, anatazama kuku.

"Mama yangu, kule mochwari, walinionyesha hivi," akasema. "Wakamvuta, wakamrudisha. Hivihivi, bila sauti."

Fundi aling'oa reli jioni ileile, akaziba nyuma kwa bati. Halikuzungumzwa tena.

Siku ya safari ilikuwa imeshapangwa na shemeji, Jumamosi, na mama hakutaka ibadilishwe. Alisema akiisogeza mara moja hatakwenda tena. Asubuhi hiyo begi lilikuwa limefungwa, shemeji amekwenda kujaza mafuta na kupima upepo wa magurudumu. Mama akaja mlangoni na fimbo yake kujaribu kwa mara ya mwisho. Akageuka, akarudi nyuma. Bega lake likagota kwenye bomba. Akajaribu upande. Likagota. Kilichobaki njiani kilikuwa ubavu mmoja tu, ule unaosimama juu ya gurudumu na kubeba paa.

Wote wawili walijua ule ubavu ni nini. Mtu aliyeshona viti kwenye mabasi kwa miaka mingi anajua bodi imeshikwa na nini.

"Kata," mama akasema.

"Nikikata, halitembei. Likiingia shimo la kwanza barabarani, linajikunja kama boksi."

"Najua."

"Basi hatuendi."

"Na usipokata, linaenda na nani? Utalipeleka likatembee, lipunge upepo, mimi nikikaa hapa na jogoo?"

"Nikitafuta njia nyingine, wiki ijayo..."

"Baba," akamkatiza, naye huwa hamwiti hivyo wakiwa peke yao. "Wiki ijayo nitakuwa mpana zaidi ya leo. Tangu umeanza, hujawahi kunifikia. Kata."

Aliweka nguzo ya mbao chini ya paa, akakaza kwa kabari, akachukua msumeno wa chuma. Ule ubavu aliuunga mwenyewe, kwa hiyo ulikuwa mgumu. Ulipoachia, paa lilishuka kwa unene wa kidole, likakaa juu ya nguzo, likatulia. Hapo tu ndipo alipoona kwamba nguzo ameisimamisha katikati kabisa ya njia ya mkewe. Kosa kama hilo lingemfukuzisha mwanafunzi wake wa siku ya kwanza.

Akaisogeza kwa mguu, kidogo, aisimamishe pembeni. Kabari ikaruka. Nguzo ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya karo, na Fundi akajikuta ameingiza bega chini ya paa, magoti yamepinda, mikono miwili juu, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

"Niletee ile nguzo."

Mama aliitazama nguzo. Ilikuwa chini kabisa, ardhini, na kuinama ndicho kitu pekee asichoweza duniani.

"Kwa fimbo. Isukume."

Akaisukuma kwa fimbo. Ikabingirika mbali zaidi.

Walitazamana. Kisha mama akaanza kucheka, cheko la chinichini linalomtikisa mabega, na Fundi naye, ingawa kila akicheka riveti moja ilitoa sauti juu ya kichwa chake.

"Unaweza kulishika kwa muda gani?" mama akauliza.

"Muda kidogo."

"Usiachie."

"Siachii."

Akageuka mgongo, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akimpita mumewe karibu kiasi kwamba alisikia pumzi yake. Bega likapita. Akakaa. Akaachia fimbo ianguke, akajilaza ubavu, akavuta miguu mmoja baada ya mwingine kwa mikono, na godoro likamchukua. Alikuwa ndani. Kwa jinsi Fundi alivyopinda hakuweza kumwona uso, aliona kisigino tu, na soksi ya kijivu iliyopinda.

"Godoro liko sawa?"

"Nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka begani kwenda kiunoni, kutoka kiunoni kwenda magotini, na alijua hesabu yake vizuri kuliko mtu yeyote. Riveti ya tatu kutoka nyuma ilikuwa inalegea. Ndani pumzi ya mkewe ilianza kwenda polepole, kama ya mtu anayesinzia.

Pikapu ilipiga honi getini. Mlango wa gari ukafungwa, na hatua za shemeji zikasikika upande wa mbele wa nyumba, zinakuja na filimbi ya mdomo. Neno moja lingetosha. Shemeji angekimbia, angeokota nguzo. Lakini kuiweka nguzo ni lazima mama atolewe kwanza, kwa kuwa ingesimama palepale alipolala, na akishatoka hakuna wa kumrudisha, wala hakuna ukuta uliobaki wa kukatwa.

Fundi alihamishia uzito kwenye bega la kushoto.

"Hodi, wasafiri," shemeji akaita. "Bado mmelala?"

Hakuna aliyemjibu.