Kaniki ya Matanga

Shamsia alikuwa akigeuza makopa ya muhogo juu ya jamvi, jicho moja likiwa njiani. Siku hizo pale Mlali hakuna aliyefanya kazi kwa macho mawili. Moja lilikuwa la kazi, jingine la jirani. Tangu mdogo wake Pazi afumwe mafichoni alikokimbilia kukwepa shamba la pamba la akida, hakuna aliyejua nani alimchongea. Shamsia alimshuku Asia wa nyumba ya ng'ambo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kijiji kizima kilikuwa kikijipekua nguo.

Mikidadi, tarishi wa akida, akasimama uani na kiboko chake.

"Bendera yenu iko wapi? Leo sikukuu ya Kaisari, na Bwana Mkubwa anapita alasiri."

"Kaniki imekwisha madukani, kaka Mikidadi. Nyeupe ninayo, nyekundu ninayo. Nyeusi sina."

"Shauri lako. Akida kasema nyumba yenye bendera, mtu wake atafunguliwa mnyororo leo hii. Isiyo nayo, itatoa mwingine." Akachungulia mlangoni. "Mama yako bado ana nguvu za kulima, naona."

Ndani, mama yake, Bi Mosi, alikuwa amesikia yote. Kaniki ilikuwamo nyumbani, moja tu, yenye kiraka pembeni. Aliivaa mwaka wa vita, mumewe aliponyongwa bomani kwa kusingiziwa kugawa dawa ya maji. Kwa desturi, siku ya kuondoa matanga nguo hiyo huchukuliwa na watani. Lakini Wadachi hawakutoa maiti, na Bi Mosi alikataa kuondoa matanga ya mtu asiye na kaburi. Kaniki ikabaki kikapuni, darini.

"Hiyo usiiguse," alisema kabla hajaombwa.

"Mama, Pazi ana chuma shingoni."

"Baba yako alikufa kitambaa cha bendera yao kikipepea juu yake mlingotini. Leo nikitundike mlangoni kwangu?"

"Baba hatarudi. Pazi anaweza."

"Nani kakwambia? Akida? Akida akikwambia jua limechomoza, toka nje uangalie kwanza."

Shamsia naye hakumwamini akida hata chembe. Hata hivyo alikishusha kikapu. Mama akageukia ukutani asione kaniki ikichanwa. Shamsia alishona akilia, akajifariji kwa wazo moja: bendera hii, japo ni ya Wadachi, baba yumo ndani yake. Acha Mdachi ampigie saluti mtu aliyemnyonga. Wazo hilo lilimpendeza, lakini hakumwambia mtu. Nani wa kumwambia?

Alasiri Bwana Mkubwa, yule Mdachi wa bomani, alipita juu ya nyumbu. Alipofika kwa Shamsia aligusa kofia yake kama alivyofanya kwingine kote, akaenda zake. Asia, kutoka mlangoni kwake, alikiona kile kiraka. Akasonya.

"Ama kweli kuna watu na viatu," alisema kwa sauti ya kusikika.

Jua lilipokaribia kuchwa, Pazi akatokea. Akida alikuwa amesema kweli, kwa mara moja maishani mwake. Shamsia alimkimbilia, akaona kidonda kilichozunguka shingo, akataka kukigusa. Pazi hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama mlango.

"Hiyo ni kaniki ya mama."

"Ndiyo. Nimeikata ili wewe..."

"Kule nilikuwa najiuliza kila siku, dada, nani aliwaonyesha nilikojificha."

"Pazi! Mimi?"

Pazi aliingia ndani, ikasikika, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia kwa sauti iliyokatika. Pazi akatoka na panga lake, akampita Shamsia kama anavyopitwa mtu baki, akashika njia ya mlimani.

Shamsia alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaikamata bendera kwa mikono yote miwili. Ng'ambo ya njia mtu akakohoa. Mikidadi alikuwa amekaa kibarazani kwa Asia, anamenya muwa, na Asia akimshikia maganda.

"Ikae hapo mpaka asubuhi, akida kasema," Mikidadi aliita, mdomo umejaa. "Mnyororo wa Pazi bado haujapata mtu."

Basi huyo ndiye aliyemchongea Pazi. Shamsia alimtazama Asia, Asia akainamisha uso. Shamsia aligeuka kumwita Pazi, lakini migomba ilikuwa imeshamficha, na Mikidadi alikuwa akisikiliza aone ataita kuelekea wapi, ajue Pazi kashika njia gani.

Akaufumba mdomo. Akaiachia bendera, akaenda kuanua makopa. Ndani, mama alikuwa ameanza kilio cha matanga, na safari hii Shamsia hakujua ni nani anayeliliwa.